Amonia Isiyoonekana Kwenye Mlinganyo

Kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue, maana leo tunajumlisha. Kama uko njiani, au mikono yako imo kwenye unga, usiwe na wasiwasi. Kila kitu nitakitaja kwa jina na kwa idadi, na sikio litatosha.

Mada yetu inawasumbua vijana wengi wa sekondari. Mtihani unawapa hatua tatu, nne au tano za mmenyuko wa kikemia, halafu unawaagiza waziunganishe ziwe mlinganyo mmoja uliosawazishwa. Wengi wanakariri utaratibu: kata kinachofanana kushoto na kulia, andika kilichobaki, funga daftari. Alama wanapata. Lakini ni wachache walioambiwa kwamba mlinganyo ule mmoja ni taarifa ya langoni. Unasema nini kimeingia kiwandani na nini kimetoka, na yaliyotokea ndani ya ukuta hauyagusi. Hapo ndipo zilipo nguvu yake na hatari yake, na ningependa tuvione vyote viwili kwenye kiwanda cha kweli.

Kiwanda chenyewe ni cha kabonati ya sodiamu, unga mweupe unaotumika kutengenezea vioo vya madirisha, chupa na sabuni za unga. Sisi huku tumezoea kuuita magadi. Njia ninayoizungumzia ni ya Mbelgiji Ernest Solvay, aliyeisajili mwaka 1861 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Malighafi zake ni mbili tu, na zote ni rahisi kupatikana: mawe ya chokaa na chumvi.

Sasa tuingie ndani. Kila nitakaposema kipimo kimoja, mwanafunzi aandike moli moja.

Hatua ya kwanza iko kwenye tanuri. Kipimo kimoja cha kabonati ya kalsiamu, ndilo jiwe la chokaa, kinachomwa kwa moto mkali. Kinatoa kipimo kimoja cha oksidi ya kalsiamu, ile chokaa kali iliyotoka motoni ambayo haijaonja maji, na kipimo kimoja cha hewa ukaa.

Hatua ya pili iko kwenye mnara mrefu wa chuma. Maji ya chumvi yaliyokwisha kushiba amonia yanashuka kutoka juu, hewa ukaa inapanda kutoka chini, na vinakutana humo ndani. Chumvi kipimo kimoja, amonia kimoja, hewa ukaa kimoja na maji kimoja vinazaa bikabonati ya sodiamu kipimo kimoja na kloridi ya amoniamu kipimo kimoja. Bikabonati haiyeyuki kwa urahisi katika maji hayo yakiwa yamepozwa, kwa hiyo inajitenga, inakuwa chembechembe nyeupe, inachujwa.

Hatua ya tatu ni kuikausha bikabonati kwa joto. Vipimo viwili vya bikabonati vinatoa kipimo kimoja cha kabonati ya sodiamu, kimoja cha maji na kimoja cha hewa ukaa. Kabonati hiyo ndiyo bidhaa inayotiwa kwenye magunia.

Hatua ya nne, ile chokaa kutoka tanurini inamwagiwa maji. Chokaa kipimo kimoja, maji kimoja, inapatikana chokaa iliyozimwa kipimo kimoja.

Hatua ya tano, chokaa iliyozimwa inakutanishwa na kloridi ya amoniamu iliyobaki kwenye maji tuliyoyachuja. Kloridi ya amoniamu vipimo viwili na chokaa iliyozimwa kimoja vinatoa kloridi ya kalsiamu kipimo kimoja, amonia vipimo viwili na maji vipimo viwili.

Tusikimbilie kujumlisha. Angalia hatua ya tatu: inadai bikabonati mbili. Hatua ya pili inatoa moja. Hatua ya tano nayo inadai kloridi ya amoniamu mbili, na hatua ya pili inatoa moja. Kwa hiyo hatua ya pili lazima iende mara mbili, na ikienda mara mbili, kila kilichomo kinaenda mara mbili: chumvi mbili, amonia mbili, hewa ukaa mbili, maji mawili, kushoto, bikabonati mbili na kloridi ya amoniamu mbili, kulia. Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Wanazidisha kile walichokuwa wanakitafuta, bikabonati, na kuyaacha maji na hewa ukaa kama vilivyokuwa. Mlinganyo ukishavunjika hapo, hakuna ukataji utakaouponya.

Na hiyo mara mbili ina maana kiwandani. Mnara sasa unataka hewa ukaa vipimo viwili. Cha kwanza kinatoka kwenye tanuri la chokaa. Cha pili kinarudi kutoka kwenye ukaushaji wa bikabonati. Solvay hakununua hewa ukaa mahali popote. Nusu ilitoka kwenye jiwe, nusu ilizunguka humo humo. Mwanafunzi anayezidisha kwa mbili anachora bomba linalotoka kwenye kikaushio kurudi mnarani, hata kama hajui.

Basi tujumlishe. Andika vyote vya kushoto upande wa kushoto, vyote vya kulia upande wa kulia, halafu tukate. Chokaa ya tanurini: moja imezaliwa hatua ya kwanza, moja imetumika hatua ya nne, kata. Hewa ukaa: mbili zimezaliwa, mbili zimetumika, kata. Bikabonati mbili kwa mbili, kata. Kloridi ya amoniamu mbili kwa mbili, kata. Chokaa iliyozimwa moja kwa moja, kata. Maji, na hapa hesabu kwa makini: yametumika mawili mnarani na moja kuzima chokaa, jumla matatu; yamezaliwa moja kwenye ukaushaji na mawili hatua ya mwisho, jumla matatu. Kata. Amonia: mbili zimeingia mnarani, mbili zimetoka hatua ya tano. Kata.

Karatasini pamebaki vitu vinne tu. Kabonati ya kalsiamu moja na chumvi mbili, zinatoa kabonati ya sodiamu moja na kloridi ya kalsiamu moja. Ukitaka uhakika, pima uzito: kilo 100 za jiwe na kilo 117 za chumvi ni kilo 217. Upande wa pili, kilo 106 za magadi na kilo 111 za kloridi ya kalsiamu, nazo ni 217. Hakuna kilichopotea wala kilichozuka.

Sasa mwombe mwalimu wa maabara akusaidie jambo moja. Chukua jiwe la chokaa lililosagwa, litie kwenye maji ya chumvi, koroga. Koroga mpaka kesho. Hakuna kitakachotokea. Fanya kinyume chake: yeyusha magadi kwenye glasi moja, yeyusha kloridi ya kalsiamu kwenye glasi nyingine, maji yote mawili yawe maangavu, kisha changanya. Papo hapo yanageuka meupe kama maziwa, na baada ya muda unga mweupe unatuama chini. Unga huo ni kabonati ya kalsiamu, na maji yaliyobaki juu ni ya chumvi. Yaani ule mlinganyo tulioupata kwa jasho, ukiviachia vitu vyenyewe viamue ndani ya glasi, unakwenda kinyumenyume.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu kwangu hiki ndicho kiini cha somo zima. Mlinganyo wa jumla ni sahihi kabisa, umesawazika kabisa, na bado ukiusoma peke yake kama maelekezo ya kazi, utakesha maabara bila mafanikio. Kilichowezesha kazi hiyo ni moto wa tanuri, joto la ukaushaji, na mzunguko kupitia amonia. Amonia inayafanya maji ya chumvi yaipokee hewa ukaa kwa wingi, na hapo bikabonati inapata nafasi ya kujitenga. Isipokuwepo amonia, hewa ukaa inapita kwenye maji ya chumvi na kwenda zake. Na amonia hiyo hiyo, yenye kazi yote hiyo, haimo kwenye mlinganyo wa mwisho. Ni kama mtu aliyekopa dukani asubuhi akalipa kabla ya jua kuzama: daftari la madeni halitamtaja, ingawa siku nzima familia yake ilikula kwa mkopo ule.

Wazo la kutumia amonia halikuanzia kwa Solvay. Mfaransa Augustin Fresnel, yule tunayemkumbuka kwa elimu ya mwanga na lenzi za minara ya bahari, alilifikia mwaka 1811. Wengine walijaribu kulipeleka kiwandani katika miaka iliyofuata, wakafilisika au wakakata tamaa. Sababu yake inasomeka kwenye hatua zetu. Amonia wakati ule ilikuwa ghali kuliko magadi yaliyotengenezwa kwayo. Karatasini unaandika mbili zimeingia, mbili zimetoka, unakata kwa kalamu. Kiwandani, amonia ni gesi. Inavuja kwenye kila kiungo cha bomba. Kila iliyovuja ilikuwa mkato uliokataa kukatika, na gharama yake ilikula faida yote.

Solvay alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha gesi cha mjomba wake, ambako maji yenye amonia yalikuwa masalia ya kila siku, kwa hiyo alikuwa ameizoea tabia yake. Mwaka 1863 aliunda kampuni pamoja na ndugu yake Alfred, wakajenga kiwanda Couillet, kule Ubelgiji. Ubora wake haukuwa katika kemia mpya, maana kemia ilikuwa inajulikana. Ulikuwa katika ule mnara na katika mabomba yaliyorudisha amonia karibu yote. Kwa maneno ya darasani, alifaulu kuifanya amonia ikatike kwelikweli. Huyu ni mtu ambaye maradhi ya ujanani yalimzuia kufika chuo kikuu, na baadaye utajiri wake ulilipia mikutano ya wanafizikia wakubwa wa dunia mjini Brussels, kuanzia mwaka 1911.

Kwa hiyo taarifa ya langoni imetuficha amonia. Imetuficha nini kingine? Makaa ya tanuri. Mlinganyo unasema hewa ukaa inayotoka nje ni sifuri, kwa sababu mbili zimekata mbili. Lakini jiwe la chokaa halipasuki bila moto, na moto ule ni wa makaa, na makaa yakiungua yanatoa hewa ukaa yake. Mvuke wa kuchemshia amonia nao unataka makaa yake. Hayo hayakuandikwa kwenye hatua tano, kwa hiyo hayakuweza kutokea kwenye jumla. Mlinganyo unajumlisha ulichokiandika tu. Anayetaka kujua kiwanda kinachafua hewa kiasi gani lazima aandike hatua ya sita, ya makaa kuungua, na aifanyie hesabu yake.

Kuna na chumvi. Mnarani chumvi haibadiliki yote. Sehemu yake inapita bila kuguswa na kumwagwa pamoja na maji machafu. Na ile kloridi ya kalsiamu, kilo 111 kwa kila kilo 106 za magadi, nani wa kuinunua? Wateja wapo, lakini hawalingani na wingi wake. Kule Marekani, jimbo la New York, kiwanda cha njia hii kilikuwa kando ya ziwa Onondaga, katika mji ambao hadi leo unaitwa Solvay. Kilifungwa mwaka 1986, na muda wote wa uhai wake ziwa lilipokea maji yake ya chumvi na kloridi. Hiyo kloridi ya kalsiamu sasa mlinganyo wa jumla haukuificha hata kidogo. Imeandikwa upande wa kulia, waziwazi, tangu siku ya kwanza.

Ndiyo maana nasema taarifa ya langoni ina nguvu. Ilinganishe na njia iliyotangulia, ya Mfaransa Nicolas Leblanc, aliyepewa hati ya ugunduzi mwaka 1791. Sitakupitisha hatua zake zote. Jumla yake inatosha. Chumvi vipimo viwili, asidi ya salfyuriki kimoja, kaboni viwili, jiwe la chokaa kimoja. Zinatoka: magadi kipimo kimoja, salfaidi ya kalsiamu kimoja, hewa ukaa viwili, na kloridi ya haidrojeni viwili. Soma upande wa kulia taratibu. Kwa kila kilo 106 za magadi, dohani inatapika kilo 73 za gesi ambayo ikikutana na unyevu wa pua yako ni asidi. Salfaidi nayo inarundikwa nje, mvua inainyeshea, inanuka mayai viza. Watu waliokaa karibu na viwanda hivyo huko Widnes na St Helens, Uingereza, waliona miti ikikauka na mazao yakiungua mashambani. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1863, ikiwalazimisha wenye viwanda wanase asilimia 95 ya gesi ile kabla haijatoka. Mtu yeyote mwenye karatasi na hatua tatu za Leblanc angeweza kulitabiri balaa lile, kwa idadi, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Kuna jumla moja zaidi ambayo siwezi kuiacha, hasa kwa wasikilizaji wa pwani. Miji yetu ya mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, imejengwa kwa chokaa ya matumbawe. Tumbawe ni kabonati ya kalsiamu, lile lile jiwe la Solvay. Linachomwa tanurini, hewa ukaa inatoka, inabaki chokaa. Chokaa inazimwa kwa maji. Kisha inapigwa lipu ukutani, na kwa miezi na miaka inavuta hewa ukaa kutoka angani, inatoa maji, inarudi kuwa kabonati ya kalsiamu. Zijumlishe hatua hizo tatu. Chokaa imekata chokaa, maji yamekata maji, hewa ukaa imekata hewa ukaa, na tumbawe limekata tumbawe. Jumla yake ni sifuri: hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Lakini jiwe lililokuwa na umbo lake baharini sasa ni ukuta laini wenye umbo alilotaka fundi.

Na joto je? Mwaka 1840 Germain Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Urusi, alionyesha kwamba joto nalo linajumlishwa hatua kwa hatua kama tunavyojumlisha milinganyo, na jumla yake haibadiliki hata njia ikiwa ndefu. Tumpime kwa chokaa yetu. Kuchoma kipimo kimoja cha jiwe kunakula kilojuli 178. Kuzima chokaa kunarudisha 65, na hizo fundi anaziona kwa macho, kwa sababu pipa linachemka lenyewe bila moto chini yake. Zilizobaki, 113, ukuta unazirudisha polepole sana wakati lipu inakomaa, kiasi kwamba ukiuweka mkono ukutani huhisi chochote. Ukizijumlisha, 65 na 113 ni 178. Joto ambalo jiwe lilimeza kutoka kwa kuni za mikoko limerudi lote, ila limerudi mahali pengine na wakati mwingine, ambapo halimfai tena mchoma chokaa. Msitu uliokatwa hauko kwenye sifuri ile.

Nimalizie na Magadi yenyewe, lile ziwa la Kajiado, kusini mwa Nairobi. Huko Bonde la Ufa limefanya sehemu kubwa ya kazi bila mnara wala amonia. Ziwa limejaa trona, ambayo kila kipimo chake kimebeba kabonati ya sodiamu moja, bikabonati ya sodiamu moja na maji mawili. Kampuni ya kuichimba iliundwa mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 iliangukia mikononi mwa Brunner Mond, kampuni ya Uingereza iliyotajirika kwa njia ya Solvay. Mwenye mali mmoja akawa na magadi ya mnarani kule na magadi ya ziwani huku. Ziwa Natron, upande wa Tanzania, lina utajiri wa namna hiyo hiyo, na ndilo linalotegemewa kuliko mahali pengine popote na heroe wadogo wa Afrika Mashariki kwa kutagia na kulelea makinda. Wanaopigania ziwa lile lisiguswe wana hoja ambayo mlinganyo hauwezi kuibeba, maana ndege haandikwi upande wa kushoto wala wa kulia, na mimi niko pamoja nao.

Nawaachia vijana kazi ya kufanya usiku huu. Trona ikipata joto, kwanza inaachia maji yake mawili na kubaki kabonati moja na bikabonati moja. Kisha bikabonati mbili zinavunjika kama tulivyoona kwa Solvay: kabonati moja, maji moja, hewa ukaa moja. Ziunganisheni hatua hizo mbili ziwe mlinganyo mmoja, na kabla ya kujumlisha amueni ni ipi iende mara mbili. Mkipata trona mbili kushoto, na kulia kabonati tatu, maji matano na hewa ukaa moja, pimeni uzito: 452 upande huu, na 318, 90 na 44 upande ule. Mkipata maji mawili au matatu, rudini kwenye hatua ya kwanza mkaangalie ni nini mlisahau kukizidisha.